Laini Zote Zinaishia Kwangu

4 Machi

Baba, shikamoo.

Mgongo vipi, unakuruhusu kukaa kwenye cherehani? Na mama, ule uvimbe wa shingo umetulia, au bado anaufunika na mtandio akidhani hatuuoni? Mimi sijambo.

Habari kubwa huku ni simu. Ile mashine kuukuu iliyokuwa ikikoroma mapokezi imetupwa, tumefungiwa mtambo mpya. Fundi alishinda hapa siku kadhaa, mara juu ya dari, mara chini ya meza. Sasa kila meza ina namba yake ya ndani. Mteja akipiga anakaribishwa na sauti: akitaka pampu mpya abonyeze moja, vipuri abonyeze mbili. Sauti yenyewe ni yangu! Bosi alitujaribu wasichana wote wa ofisi, akasema yangu haichoshi. Na mimi peke yangu ndiye niliyefundishwa mtambo wote, kuhamisha simu, kupanga foleni, kuunganisha watu watatu wazungumze pamoja. Nimepandishwa cheo, baba. Nimepewa na bima ya matibabu, nimemwandikisha mama. Shingo yake sasa itatazamwa na daktari wa kweli.

Mwanao,
Kasuku


27 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Tupo, tunasukuma siku. Mgongo umenuna lakini unafanya kazi.

Sikia aibu iliyonipata. Nilikupigia ofisini. Ukapokea, nikakujua mara moja. Nikasema, "Mwanangu, ni mimi baba." Ukaniambia nibonyeze moja. Nikasema, "Sitaki pampu, nakutaka wewe." Ukaniambia nibonyeze mbili. Nikakukaripia, "Kiburi hicho umekianza lini?" Mama yako alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Kicheko kando. Daktari amempima. Uvimbe lazima ukatwe, mwezi wa sita. Tatizo ni kwamba kisu kitapita karibu mno na mshipa wa sauti. Huenda akatoka na sauti yake, huenda akatoka ananong'ona maisha yake yote. Hakulia. Aliuliza tu utakuja lini, mzungumze akiwa bado na sauti. Nimepiga ile namba mpya ya mkononi uliyonipa, akapokea yuleyule wa bonyeza moja. Kulikoni?

Baba yako


15 Aprili

Baba, shikamoo. Mpe pole mama, umshike mkono kwa niaba yangu.

Simu hiyo ya mkononi ni ya ofisi, nayo imeunganishwa na mtambo. Bosi aliponipa niliona heshima, kumbe nimefungwa kamba. Simu yoyote isiyopokelewa ofisini inanifuata mimi. Inanifuata sokoni, inanifuata bafuni. Jumapili nabishana na mtu kuhusu pampu yake nikiwa na povu kichwani. Nikichelewa kupokea, bosi anaona kwenye skrini yake.

Tena anasikiliza. Kuna kitufe akikibonyeza anaingia kwenye mazungumzo yako, wewe husikii hata pumzi. Nilimnong'oneza rafiki yangu wa uhasibu kwa simu ya ndani kwamba natafuta kazi kwingine. Kesho yake bosi akasimama mezani kwangu, anatabasamu. "Bima ya mama inakwisha siku unayotoka hapa. Unalijua hilo?"

Kwa hiyo mambo ya nyumbani usinipigie, baba. Niandikie.

Likizo nimeomba. Akasema mtambo naujua mimi tu. Nikasema nitamfundisha mwenzangu. Akasema, "Afundishwe ili wewe uende wapi?" Nikarudi mezani kwangu. Nikitoka leo, nani atamlipia mama? Nitaomba tena.

Mwanao,
Kasuku


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mama yako anakula, analala, anajifanya hana wasiwasi.

Anakatwa tarehe kumi na nane Juni, asubuhi. Amenikataza nisikusumbue uje, eti bima ni bima. Lakini pikipiki ikisimama nje tu, ameshafika mlangoni. Kama huwezi kuja, basi angalau azungumze nawe kabla hawajamwingiza.

Baba yako


8 Juni

Shikamoo baba.

Nimekataliwa tena. Wakaguzi wa kampuni wanakuja wiki hiyohiyo. Pigeni asubuhi hiyo, msisikilize maelezo, bonyezeni sifuri, inakuja moja kwa moja mezani kwangu. Bosi naye asikilize akitaka. Nitapokea.

Kasuku


2 Julai

Mwanangu,

Hukupokea. Tulibonyeza sifuri kama ulivyosema, muziki ukalia, ukalia, kisha sauti yako ikatuambia tuache ujumbe. Mama yako akauacha, muuguzi akiwa amesimama na kitanda chenye magurudumu.

Amepona. Kidonda ni kizuri. Sauti imekwenda. Ananong'ona, nami masikio yangu unayajua, inabidi niiname mpaka mdomoni kwake. Anauliza kama uliusikia ujumbe. Nimemwambia ndiyo. Nimefanya vibaya?

Baba yako


19 Julai

Baba yangu, shikamoo. Mama naye shikamoo.

Sikujua kama mlipiga. Asubuhi ile niliifungua laini yangu mwenyewe, nikakaa naisubiri, haikulia. Barua yako ilipofika nilikwenda nayo kwa bosi. Hakukana. Alikuwa ameifunga laini yangu pamoja na simu ya mkononi zisilie mbele ya wakaguzi, na ujumbe ukaenda kwake. "Niliusikia," akasema. "Niliona nisikuvuruge. Si amepona?"

Akanifungulia, nikausikiliza nimesimama mezani kwake. Mama hakusema jambo lolote kubwa. Ananiuliza kama bado nalala na nywele mbichi. Anasema ile nguo ya kijani ameikunja ndani ya sanduku, nisije kuitafuta kabatini. Kisha anasema, "Haya, wananiita," na nyuma yake nakusikia wewe unamwambia aongee kwa nguvu.

Nikaomba niunakili ujumbe. Akasema kanuni za kampuni haziruhusu chochote kutoka kwenye mtambo. "Ila wewe ni mfanyakazi wetu," akasema kwa upole kabisa. "Ujumbe utabaki humu. Utausikiliza siku yoyote utakayokuwa kazini."

Baba, nilihisi kama nimekaa mwezi mzima ndani ya hilo jibu, ingawa nilisimama pale dakika chache tu. Niliona jinsi ambavyo ningekuja kila asubuhi, nimsikilize mama, nipokee simu, nimsikilize tena, mpaka nizeeke.

Nikaiweka simu yao ya mkononi mezani kwake, nikatoka. Ilianza kulia kabla sijafika mlangoni.

Bima imekwisha, na bado kuna vipimo vya mama. Sijui tutafanyaje. Naogopa, sikufichi. Naandika nimekaa kituo cha basi, na nadhani nitafika kabla ya barua hii. Ikija, nitakwambia usiifungue. Nipe, niwasomee wote wawili, polepole, na mama akitaka kusema neno, nitainama mimi.

Mwanao