Kila Saa Sita

Jumatatu, 5 Machi 1979
Zamu yangu ya majumbani tena. Landrova imekufa, nimekwenda kwa miguu. Mtaa wa Wabera, kwa Mama Halima, muuza maziwa. Nimonia, pafu la kulia. Hospitali amekataa katakata: mumewe aliingia wodini akitembea, akatoka amebebwa. Nikakubali atibiwe nyumbani. Nimemwachia bintiye Halima ampisilini: vidonge viwili kila saa sita.

Jumatano, 7 Machi
Homa haijashuka. Halima anaapa hajakosa kumpa hata mara moja. Ameazima saa ya mezani kwa jirani. Basi ni dawa mbovu. Au kifua kikuu. Au mimi sijui kusikiliza kifua. Sikula.

Alhamisi, 8 Machi
Mbaya zaidi. Anapumua kama aliyepanda mlima. Nimembembeleza tena twende hospitali, akageukia ukuta. Akifa, ni huu upole wangu uliomuua. Naogopa.

Ijumaa, 9 Machi
Nimefika watu wakielekea msikitini. Halima akaitazama ile saa, mishale yote miwili juu, akakimbilia vidonge. "Saa sita, daktari! Mchana na usiku, sijachelewa hata dakika."

Mara mbili kwa siku! Mimi nilitaka mara nne, zipite saa sita kati ya dawa na dawa. Msichana ametii neno langu lilivyo. Mjinga ni nani hapo? Wodini sista angejua. Nyumbani hakuna sista, kuna mdomo wangu tu.

Nikamdunga mama sindano. Kisha nikaanza upya: alfajiri, adhuhuri, magharibi, na kabla ya kulala. Nikamfanya Halima anirudishie maneno mara tatu, mpaka akacheka. Mimi sikucheka.

Jumapili, 11 Machi
Homa imeshuka! Nimepima mara mbili, sikuamini. Mama akasema, "Alhamdulillahi, nimekutesa daktari." Nikajishughulisha na kipimajoto. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 14 Machi
Mama Halima amekaa uani, anakunywa chai. Nikamwambia ukweli, kosa lilikuwa langu. Akacheka mpaka akakohoa. Sasa ninaitwa Daktari Saa Sita, mtaa mzima.

Kutoka hapo nikapita kwa mzee mmoja wa Kiturkana, kidonda mguuni. Nikampa dawa, nikamwambia vizuri, kila baada ya saa nane. Nikafunga begi. Nilipofika mlangoni nikageuka. "Mzee, hizi dawa utakunywa lini?"

"Kila siku saa nane," akasema, "nikishakula."

Nikarudi, nikakaa chini.