Bujiku na Sentensi za Kukanusha

Jumatatu, 2 Juni 2025
Wamempigia simu Bujiku! Ile kambi ya watalii njia ya hifadhini. Intavyuu Alhamisi ya wiki ijayo, kwa Kiingereza. Kazi ni kusoma nyayo za wanyama. Mume wangu husoma nyayo vizuri kuliko mimi ninavyosoma gazeti, ila Kiingereza alikiacha darasa la saba huko Usangu. Ng'ombe wameisha, mpunga umekauka mwaka wa pili huu. Kazi hii tunaitaka mno. Nafundisha Kiingereza hapa Idodi mwaka wa kumi na moja, lakini mume sijawahi kumfundisha. Mungu anisaidie.

Jumanne, 3 Juni
Wakati uliopita, sentensi za kukubali: safi. I saw, I went. Kukanusha: balaa. I did not saw. I did not went. Nikamwambia did imeshabeba habari za jana, kitendo kirudi kama kilivyozaliwa. Akafikiri weee. Kisha akasema kwao kengele huvaa ng'ombe wa mbele tu, wa nyuma anafuata bila kengele. Ndiyo hivyo hivyo! Miaka yote hii nachora mishale ubaoni na watoto hawanielewi. Kesho naiba ile kengele aliyobaki nayo, naipeleka darasani.

Ijumaa, 6 Juni
Tumezozana. Nilimpa mfano: I did not eat ugali. Akaweka kalamu chini — amekula, tena sahani mbili. I did not sleep. Amelala. Hataki kuandika uongo hata wa daftari! Nikamwambia ni mfano tu, Baba Roza. Akasema basi nimpe mfano wa kweli. Mbishi huyu, jamani. Mwishowe akatunga wa kwake: I did not marry a quiet woman. Nimecheka mpaka Roza akaja kuchungulia. Nikamwekea vema kubwa.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada nimeongea na Shedrack, anayepika kule kambini. Anasema kila mtu wa jamii ya wafugaji wanamuuliza kama aliwahi kuchungia ndani ya hifadhi. Mwaka jana wawili walisema ndiyo, hawakuitwa tena.

Moyo umenishuka. Bujiku aliingiza ng'ombe wake. Mwaka wa ukame, kabla hatujaoana, walipokuwa wanamfia njiani. Mara mbili. Alinieleza mwenyewe tukiwa wachumba, wala sikumuuliza.

Nilipofika nyumbani nikamwandikia: I did not take my cattle into the park. Nikamwambia akariri. Akaisoma taratibu, neno kwa neno, bila kosa. Halafu akafunga daftari.

"Mama Roza, hii umeandika wewe."

Basi. Akatoka kwenda kuangalia kuku. Nimeona aibu. Na bado nataka aiseme.

Jumatano, 11 Juni
Tumefanya mazoezi ya kila kitu isipokuwa ile. Hajaigusa, nami sijaitaja. Nimempigia pasi shati la bluu. Nampenda mwanaume huyu, na ananichosha.

Alhamisi, 12 Juni, saa tano asubuhi
Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya kambi. Dirisha liko wazi, nasikia yote. Meneja ni mama mmoja wa makamo, anaitwa Frida, anauliza polepole. Ameuliza wayo wa nyati unautofautishaje na wa ng'ombe. Bujiku amejibu mpaka mama wa watu kacheka. Nikaanza kupumua.

Sasa limekuja swali lenyewe. Je, uliwahi kuingiza mifugo hifadhini?

Halafu sauti yake, ile ile ya kila siku:

"I took my cattle into the park. Two times. They were dying. I did not ask. I did not run when the rangers came."

Yote sahihi! Nataka kulia. Nataka pia kupita dirishani nimchape. Nasikia meneja anafunua karatasi. Sasa anamuuliza Kiingereza amefundishwa na nani.

"My wife," anasema Bujiku. "But she did not teach me this answer."

Mungu wangu. Kiti kimesogezwa. Meneja amefika dirishani, ananitazama mimi na daftari langu, na mkono wangu bado unaandika