Wimbo Tuliouita Hodi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitanguliza peke yake hapa juu ili hata ukiukunja ukurasa huu kwa hasira, iwe imekwisha kukufikia. Magoti yanasemaje? Binamu aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, na kwamba bado unamgombeza kwa kuacha taa zikiwaka mchana. Nikajua u mzima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa jirani yako mshona viatu, ambaye ameng'olewa jino na hataki kuzungumza habari nyingine yoyote.

Najua hukuipenda barua yangu iliyopita. Ulinijibu kwa mstari mmoja tu, kwamba kiwanda kimekula masikio yako na sasa mimi nakwenda kukipigia makofi. Mstari ule uliniuma, Shangazi, na umenikaa kichwani tangu siku ile. Leo nakuandikia nikitaka baraka yako juu ya wimbo wetu wa kwanza, au katazo lako. Ukinivumilia nitakueleza kwa nini sitaki kwenda mbele bila wewe.

Bendi yetu inaitwa Kutu, nasi tu watatu. Yupo Spana, yule mchomelea mageti uliyekuwa ukimfukuza jikoni kwa kuonja vya watu. Yupo Mwalimu, anayefundisha hesabu asubuhi na jioni huzigeuza sauti za mashine kuwa midundo kwenye kompyuta yake. Mimi naimba, kama kule ni kuimba. Mwalimu anasema nina sauti ya mlango uliokosa mafuta, na hapo ananisifu. Muziki wenyewe huitwa wa viwandani, kwa kuwa ala zake ni minyororo, mapipa na mabati. Wewe uliniita Kelele kabla sijajua kutembea, kwa hiyo usijifanye umeshangaa.

Mlinzi wa kiwanda chenu cha sufuria alitufungulia tukarekodi mle ndani. Mashine nyingi zimeng'olewa, lakini ile presi kubwa ya kukandamizia mabati bado imesimama, na saruji iliyo mbele ya pedali ya kuishushia imelika pale ulipokuwa ukiweka mguu. Nilisimama hapo kidogo. Spana akawa anaupiga ubavu wa presi kwa nyundo na Mwalimu ananasa sauti. Lile pigo lilikuwa zito mno, likawa linaangukia sikio bila taarifa. Nikaona linahitaji kitu cha kulitangulia, na kabla sijafikiri mkono wangu ulikwisha kugonga chuma: ngo-ngo, kimya, ngo.

Unaujua mdundo huo. Ndio uliokuwa ukiugonga kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria kabla hujaitua katikati yetu ikiwa ya moto, mimi na binamu tukarudisha mikono upesi. Miaka yote nilidhani ni mzaha wako, kwamba chakula kinapiga hodi. Basi wimbo wote ukajengwa juu ya mdundo ule, kila mara ukitangulia na chuma kikifuata, nasi tukauita "Hodi".

Studio ilikuwa kichekesho. Fundi wa sauti alisimamisha kazi mara kwa mara kwenda kufungua mlango, akikuta hakuna mtu. Hata mkewe alishuka kutoka juu kuuliza ni mgeni gani huyo asiyekaribishwa. Mwishowe fundi akasema mdundo ule utolewe, la sivyo wasikilizaji watashinda wakikimbilia milango yao. Mwalimu na Spana wakamuunga mkono. Mimi nikakataa. Waliponiuliza sababu, nikashika tu kwamba hautoki. Tulinuniana wiki nzima. Ubishi huo sikuuokota barabarani, wewe mwenyewe unajua nimeurithi kwa nani.

Jumamosi alasiri tukauzindua, katika ukumbi ulio jirani na kiwanda. Kwenye matangazo tulikuwa tumeweka picha ya lango la kiwanda, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Vijana wetu wa nguo nyeusi walikuja, lakini walikuja pia wazee uliofanya nao kazi, wakidhani wameitiwa mkutano. Wakakaa meza za mbele kabisa. Spana alitaka kwenda kuwaeleza. Nikamwambia awaache, mgeni njoo mwenyeji apone.

Tukaanza. Mdundo wa kwanza ulipolia, nikaona mikono yote ya meza za mbele inaondoka mezani kwa pamoja na kurudi vifuani. Hawakuwa wameshtuka. Mzee mmoja alikuwa akiongea na mwenzake na hata hakukatiza maneno yake. Chuma kikaanguka, mikono ikarudi mezani. Mdundo tena, mikono ikaondoka tena. Ikawa hivyo wimbo mzima, nami nikasahau ubeti wa pili wote. Vijana wa nyuma walidhani ndivyo unavyochezwa, wakaanza kuiga, hadi ukumbi mzima ukawa unarudisha mikono.

Tulipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa akipanga mabati chini ya presi alinishika mkono akaniuliza nani amenifundisha ule mdundo. Nikasema shangazi yangu wa pedali. Akakaa chini. Ndipo aliponieleza kwamba kabla yako aliyekaa kwenye pedali alikuwa akiwaonya kwa kupiga kelele, na kelele ndani ya kelele haisikiki, na watu waliacha vidole pale. Wewe ulipopewa pedali ulichukua spana ya kufungia nati ukawa unagonga reli ya chuma kwanza, kwa kuwa mtetemo wa chuma hufika kiganjani hata masikio yakijaa. Msimamizi alikukataza, akasema unachelewesha kazi. Ukamjibu kwamba basi ichelewe. Nilipomwambia bibi yule kwamba tumeuita "Hodi", alicheka hadi akajifuta macho. Akasema hodi huomba kuingia, na ule ulikuwa ukisema toa mkono.

Shangazi, hukuniambia hata siku moja. Ulitaja kilicholiwa tu, hukutaja ulichokikatalia kiwanda kisile. Nililia pale ukumbini mbele za watu, na sioni haya.

Sasa redio inautaka wimbo. Kabla hatujautoa tunataka kuubadili jina uitwe "Toa Mkono", na kwenye jalada tuandike kwamba mdundo umetungwa nawe. Ni mali yako. Ukikataa tutaufuta, na safari hii sitanuna. Jumapili nitapiga simu ya binamu. Najua simu haikufai kitu, basi yeye aiweke mezani nawe ushike kijiko. Ukikubali, gonga. Usipogonga nitaelewa, na shikamoo yangu itabaki pale pale.

Nisalimie binamu, umwambie azime taa. Mshona viatu anakusalimu bila jino. Na wale wenzako wa presi, nilipowauliza nikuandikie salamu gani, walinijibu kwa mikono. Yule bibi aliinua mikono yake miwili akatandaza vidole, kisha meza nzima ikafanya vivyo hivyo. Niliwaangalia mmoja mmoja. Vidole vyote vipo, Shangazi.

Mwanao,
Kelele