Siku Mtani Alipomfukuza Zainabu Msibani

Ijumaa. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua inatuchezea shere. Magoti yanauma, moyo hauna neno.

Zainabu, mwanangu wa kwanza, amepiga simu kusema amestaafu maabara. Maisha yake yote amechunguza askari wa mwili, hizo chembe za damu zinazofundwa kwenye tezi ya kifuani zimjue adui, na jinsi ya kuzielekeza zipigane na saratani. Anasema sasa dawa za kuwaamsha askari hao zipo, na wapo wagonjwa wanaopona. Yeye eti alitia tofali moja tu. Nimemwambia nyumba haijengwi kwa maneno, asante kwa tofali.

Mimi shule sikuingia. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha jioni enzi za Ujamaa, kwa hiyo msinitegemee kwa utaalamu.

Enzi hizohizo tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini, baba yake akaota uvimbe shingoni. Zainabu alikuwa ng'ambo, anasoma kwa kupasua panya. Akarudi kumuuguza. Kijiji kizima kikamwita daktari, akaletewa watoto wenye homa. Akisema yeye si daktari wa watu, wanadhani anaringa.

Siku moja baba yake akamuuliza, hao askari wako mbona wananiacha nife? Zainabu akamweleza kwa namna tuliyoijua. Mwilini mna mabalozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala bila kutajwa, wanamgongea mlango. Lakini saratani ni mtoto wa humohumo. Anawaamkia shikamoo, wanaitika marahaba, wanapita.

Baba yake akamjibu:

"Basi kawafundishe wasiitikie ovyo."

Akafa kabla ya mavuno.

Matanga hayajaisha, shemeji yangu, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, akatoa uamuzi. Taifa limemsomesha huyu binti, zahanati yetu haina mganga, kwa panya harudi. Wazee wakaunga mkono. Zainabu akainamisha kichwa. Angekubali, namjua. Angekaa pale anagawa vidonge asivyovisomea, na neno la baba yake likazikwa naye.

Mimi nilikuwa kwenye eda. Mjane hatoki ndani kwenda kubishana na wakwe barazani.

Nikamtumia salamu mtani.

Kibwana alikuwa Mzaramo, fundi viatu wa Isevya, kule mjini. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tumetaniana tangu babu zetu wakibeba pembe kwenda pwani, na msibani mtani hasusiwi. Atamtukana marehemu, atanyakua sufuria mpaka mlikomboe, na anayekasirika ndiye anayechekwa.

Akaja analia kilio cha uongo, akamzunguka Zainabu.

"Wewe daktari wa panya, huyu marehemu alikuwa na mkia? Umeshindwa kumponya Mnyamwezi mmoja, sasa unataka utumalizie na waliobaki?"

Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Kibwana akanyakua begi la Zainabu, akajitwika. Shemeji akataka kulikomboa kwa jogoo. Kibwana akakataa jogoo, akakataa na mbuzi. Hili halikombolewi, akasema, mpaka mwenyewe alifuate stesheni. Akashika njia ya mjini. Zainabu akamfuata huku machozi yanamtoka. Mwenyekiti akafungua kinywa, akakumbuka aliyesema ni mtani, akakifunga.

Mimi niliona yote kwa upenyo wa dirisha. Nilikuwa nimelifunga lile begi kwa mkono wangu.

Leo kwenye simu ameniuliza, baada ya miaka yote hii, kama ni mimi niliyemtuma Kibwana. Nimemjibu: sasa ulidhani Mzaramo ana akili hiyo? Amecheka mpaka akakohoa.

Kisha nikamuuliza nilichokuwa nakiogopa. Kwa dawa za sasa, baba yako angepona?

"Sijui, mama. Kuna watu zinaowasaidia, kuna zinaowakataa."

Nimependa hakunidanganya.

Na mimi sijidanganyi. Zahanati ilikaa muda mrefu bila mganga, na wale watoto wa homa nawakumbuka kwa majina. Zainabu hakuwa na dawa yao, lakini mama zao walikuwa na tumaini, na mimi nililisindikiza stesheni.

Nimejiuliza tena leo, peke yangu, kama ningemwacha abaki.

Hapana. Ningelifunga begi lilelile tena, aende.