Jina la Kunyamazia

Jumanne, 8 Mei 1934

Mvua tangu asubuhi. Kifua kinabana. Mwanangu Otiende ametoka zamu ya kiwandani, ananuka majani ya chai hadi nywele. Asema mzee wa kanisa anakuja Jumapili kunipa meza ya Bwana, na kusikia ushuhuda wangu. Eti nijiandae.

Nijiandae na nini! Nimefundisha wabatizwa tangu kule ziwani, na hapa kambini Kericho nikafundisha tena. Majina ya Mungu nayajua. Elohim, mwenye nguvu aliyeumba. El Shadai, Mwenyezi. Yehova, aliyemwambia Musa kwamba Yeye yuko — basi, yuko. Lakini nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: maumivu yakinishika siiti hata moja. Naita "mama". Mzee kama mimi!

Alhamisi, 10 Mei

Mtoto wa Otiende hana jina bado, na kazi yake kulia. Mama yake, Celine, macho yamemwiva. Dada yangu Ajwang amekuja kutoka Sotik ili tufanye kama kwetu: mtoto akilia, anaitiwa marehemu wa ukoo, mmoja mmoja. Akinyamaza kwa jina fulani, ndilo lake. Otiende hataki. Asema mtoto aliyechaguliwa na wafu hatabatizwa.

Wakanigeukia mimi, mwalimu, niamue. Nikaanza mbali. Kwamba Hajiri, kijakazi aliyetoroka na mimba yake nyikani, ndiye aliyempa Mungu jina: Mungu anionaye. Kwamba Abrahamu, kisu mkononi, alimwona kondoo dume kichakani, akapaita mahali pale Yehova-yire, Bwana atatoa. Kwamba kila mmoja —

Ajwang akanikata. Mwalimu, wewe una majina kama duka la vitambaa. Mwilini umevaa lipi?

Celine akacheka mpaka akajishika tumbo. Sikuamua chochote. Nikajifunika blanketi.

Ijumaa, 11 Mei

Umevaa lipi! Mwanamke huyu.

Hajiri alikuwa na kiu, akaona kisima. Mimi nilipewa majina yote yakiwa tayari, nikayagawa yakiwa vilevile. Sijawahi kumwita Mungu kwa jambo lililonipata mwenyewe. Nitamwambia nini mzee wa kanisa? Nageuka huku, nageuka kule. Kitanda kimekuwa kama kichuguu cha siafu.

Jumamosi, 12 Mei

Wanawake walikwenda mtoni, wakaniachia mtoto mapajani. Akaanza. Nikambembeleza, nikaimba. Wapi! Akalia mpaka sauti ikakwama.

Ndipo mdomo ukaenda wenyewe. Elohim? Nikangoja kidogo, wanavyongoja wanawake. Analia. El Shadai? Analia. Yehova? Yehova-yire? Nikaita hata Nyakalaga, apitaye kila mahali, jina ambalo bibi yangu alimwitia Mungu, nami darasani nililikataza. Akazidi!

Sikumwona Otiende mlangoni, amelowa. Baba, unafanya nini? Hivyo huitwa wafu! Unamweka Mungu pamoja na marehemu?

Kweli, nimemwita kama mtu wa ukoo aliyezikwa. Nilitaka kuomba radhi. Badala yake nikasikia nasema: Lakini yuko mmoja aliyekufa msalabani, Otiende.

Nyuma yake Ajwang alikuwa amefika, mtungi kichwani, hauteremshi. Basi mwite huyo, akasema. Hakuwa anatania.

Sikuweza. Nikasema nimechoka, mchukueni.

Sasa niko nyuma ya pazia, nao wako upande wa pili. Wananong'ona. Mtoto bado analia. Jina lile nimelitaja mbele ya watu maisha yangu yote, na leo linanitia hofu. Nikimwita na kilio kisikome? Ushuhuda wa kesho utakuwa upi?

Pazia linavutwa. Celine. Asema, Baba, kanisa na ukoo mtagombana baadaye, mimi nataka mtoto anyonye. Mwite tu. Amemlaza kifuani pangu, hapa penye maumivu, na mkono wa kuandikia sina budi kumshikia —