Masufuria ya Mama Neema

Jumatatu, 4 Machi

Niwie radhi, daftari. Karibu majuma saba bila mstari. Wewe uliokoka kwa sababu ulikuwa mfukoni mwa koti. Madaftari yangu ya Kiingereza yote yalimezwa na lava pamoja na nyumba. Nimejenga kibanda cha mbao juu ya mawe yake. Asubuhi hunakili maneno upya kutoka kichwani.

Leo: hue, lile la msemo hue and cry. Siyo lile la rangi, ambalo lina asili nyingine. Hili la kale ni ukelele. Waingereza walilipata kwa Wafaransa: huer, kuzomea. Sheria yao ya zamani ilikuwa wazi. Aliyeibiwa apige ukelele. Kila aliyesikia atoke, amfukuze mwizi kijiji hadi kijiji. Aliyesikia asitoke, aliadhibiwa. Nimelifundisha hilo miaka thelathini.

Kalamu ilikwama hapo.

Jumanne, 5 Machi

Niandike nililolikwepa jana. Ijumaa usiku watu wenye bunduki walibomoa paa la Mama Neema, mjane, jirani yangu. Walichukua mabati yote ya msaada. Alipiga masufuria. Ndivyo tunavyofanya hapa wezi wakija: mmoja akianza, avenue nzima, mtaa wote, inajibu. Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa macho. Sufuria langu lilikuwa hatua mbili kutoka kitandani. Nilivuta blanketi.

Alhamisi, 7 Machi

Alikuja chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, mwanafunzi wangu wa zamani, na wanaume wanne. Walinuka kasiksi, pombe ya ndizi, saa nne asubuhi. Wameandika taarifa ya kupeleka ofisi ya msaada: hakuna aliyesikia kitu. Wenye bunduki ndio wanaotawala mji, na chef na wenzake wanawaogopa. Woga naujua. Lakini kama hakuna aliyesikia, basi mjane ni mwongo, ameuza mabati yake mwenyewe, na jina lake litafutwa kwenye orodha ya msaada.

"Muzee, siye bote tulisikia," chef alisema, akicheka. "Lakini karatasi haina masikio. Utusahihishie, weye Mwalimu."

Nilichukua kalamu nyekundu. "Hakuna mutu alisikia" nikaigeuza "hakuna aliyesikia". Nikatia nukta. Nikarudisha karatasi ikiwa safi.

Walinakili papo hapo, wakatia sahihi, wakaniachia nafasi ya sahihi juu kabisa. Jina langu likiwapo, ofisini hawatauliza swali. Chef ataifuata Jumatatu.



Ijumaa, 8 Machi

Sikula. Chef aliniona barabarani, akaulizia kalamu ya sahihi: "Muzee, bic imekauka?" Wenzake wakacheka, midomo inang'aa mafuta. Wananichefua. Aliyewapangia uongo kwa sarufi nzuri ananichefua zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Mvua baada ya misa. Mama Neema alikuja kuomba makaa ya moto. Turubai aliyotandika juu ya kuta inavuja, na watoto wake wawili wanakohoa. Asipopata mabati mengine, atarudi Kanyaruchinya, nje ya mji, kwa dada yake, walale chini.

Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Papa Mwalimu, siku ile ulikuwa umesafiri?"

Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayekuonyesha mlango wa nyuma. Ningeitikia tu, angeniamini. Angetaka kuniamini.

"Hapana, mama. Nilikuwa hapa."

Alitazama chini. Kisha akainama, akachota makaa kwa koleo langu kutoka jiko lililokuwa kizingitini, moja moja, akayatia kwenye sufuria alilokuja nalo. Kitako chake kimebonyea kote kwa mapigo ya mwiko. Halikai sawa, ilimbidi alishike kwa mikono miwili.

"Asante ya moto," alisema. Akaondoka mvuani, amelifunika kwa kanga.

Karatasi iko mezani. Chef anakuja kesho. Chini ya neno hue bado sijaandika kitu kingine. Nikishaamua kutia sahihi au kukataa, nitaandika hapa, hata kama ni la kuniaibisha.