Mustari wa Pili

Kasongo, tarehe 9 Juni

Kwako Mama Mudogo Cécilia, kule Lusangi,

Nakusalimia kwa heshima na kwa hamu kubwa. Je, uko muzima? Goti la kushoto lingali linakusumbua wakati wa mvua? Na mihogo ya mwaka huu, imekubali? Mimi ninaamka na ninakula, Mungu asifiwe. Mengine utayakuta chini. Naomba uisome barua hii mwenyewe, wewe uliyenifundisha herufi. Usimupe mutu akusomee.

Miaka kumi na tano sijakuona, Mama. Nilianza kukuandikia barua mara nyingi, zote nikazichana. Hapa sokoni, nikisikia mwanamuke anacheka nyuma yangu kwa sauti kama yako, ninageuka. Ninajua si wewe, na bado ninageuka. Wauza samaki wamenizoea, wananiuliza kama leo nimemupata.

Siku hizi niko mutu wa labo, katika hopitali moja ya hapa. Ninapima damu kabla mugonjwa hajawekewa. Kuna kipimo kimoja cha ugonjwa wa ini, chembamba, hakizidi urefu wa kidole. Ndani yake wameweka kitu kinachoitwa kingamwili, macho hayakioni. Kirusi cha ugonjwa huo kimevaa ganda, na kingamwili inalijua ganda hilo tu, haina habari na kingine. Damu ikipita, kingamwili inalinasa ganda kama mutego unavyonasa panya. Ukitokea mustari mumoja, damu ni safi. Ukitokea na wa pili, kirusi kimo.

Mwezi wa tatu tulipokea kisanduku kipya kilichokaa juani siku nyingi njiani. Mukubwa wangu, Nathanaël, akasema tukijaribu kwanza kwa damu tunayoijua kuwa safi. Mimi na majivuno yangu nikacheka, nikamwambia hakuna damu safi kuliko yangu, nikajidunga kidole. Mustari wa pili ukatokea. Tukalaumu jua. Nathanaël akajidunga naye, wake ukabaki mumoja. Tulituma damu yangu Kindu, na jibu likarudi lile lile.

Usishituke. Daktari anasema ini langu linafanya kazi, na atanipima kila miezi sita. Aliniuliza nani katika familia aliumwa hivyo. Nikamweleza habari ya kaka yangu Raphaël: macho ya manjano, miguu imekonda, tumbo limejaa maji mpaka akashindwa kulala chali, na umri wake miaka ishirini na minne tu. Nikamweleza pia kwamba mama yetu alikufa vile vile, mimi nikiwa ninatambaa, ndipo ukaja kutulea. Daktari akasema hawezi kuapa juu ya mutu aliyekwisha kuzikwa, ila kirusi hicho hutoka kwa mama kwenda kwa mutoto siku ya kuzaliwa, na huweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya kuua. Kwa maoni yake, hakuna aliyemulisha Raphaël sumu.

Hakuna, Mama Mudogo. Nililia pale pale mbele ya wagonjwa, wakafikiri nimefiwa.

Juma lililopita nilipanda pikipiki mpaka Kabambare, kwa Baba Mukubwa Asani aliyekufukuza kwa ajili ya sumu hiyo. Amezeeka. Aliwaita ndugu zake, nikawaonyesha karatasi, nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe. Walisikiliza vizuri. Kisha Baba Mukubwa akasema kwa upole kwamba ugonjwa wameuelewa, akauliza lakini ule unga wa kijivu ambao Cécilia alitia katika mboga ya sombe ya Raphaël ulikuwa nini, maana ni mimi niliyesema mbele ya wote kwamba niliuona.

Sasa nakuambia nililowajibu. Ulikuwa chumvi ya majivu. Nilijua siku ile ile, kwa sababu ni mimi niliyechoma majani na kuchuja majivu yake. Walipoanza kuuliza nani alishika chakula cha mugonjwa, niliogopa watanitaja. Nilikuwa na miaka kumi na mumoja. Nikasema nilikuona ukitia unga, na hapo nikafunga kinywa. Sikusema uwongo hata neno moja, Mama, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ukanitazama. Ulijua kwamba ninajua, na hukunitaja. Ukafunga nguo zako, ukaenda.

Baba Mukubwa alivua kofia, akakaa nayo mapajani. Akauliza nani atakayekupelekea habari hii. Nikasema ni mimi.

Najua maji yakimwagika hayazoleki. Sikuombi urudi Kabambare, wala sikuombi unisamehe kwa barua. Lakini wewe na mama yangu mulitoka tumbo moja, na damu yako lazima nayo ipimwe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitafika Lusangi na vipimo vyangu. Kama hunitaki tena kama mutoto, nipokee kama mutu wa labo tu. Nitahitaji kushika mukono wako muda mufupi. Hata huo utanitosha.

Majirani waliokupokea huko ulipofika peke yako, wape salamu zangu na shukrani. Wewe ulale salama, na chakula kikushuke vizuri.

Ni mimi, uliyeninyamazia,
Mathilde